Jalada halipotei, halionekani

Ofisi za serikali zina lugha ya upole kwa mambo machungu. Jalada likipotea, hawasemi limepotea. Husema halionekani. Marehemu baba yangu aliambiwa hivyo kwa miezi kumi na moja, katika ofisi ambayo sitaitaja, alipokuwa akifuatilia barua yake ya kuthibitishwa kazini ili mafao yake yaandaliwe. Kila akienda, halionekani, kana kwamba jalada lenyewe limeona haya na kujificha. Mwezi wa kumi na mbili likaonekana. Yaliyomo yote yalikuwa yamefungwa ndani ya jalada la mtu mwingine, ambaye jina lake na la baba yangu yalitofautiana kwa herufi moja.

Tangu hapo, nikiingia ofisi yoyote ya umma, jicho hunikimbilia masijala. Wengine huangalia chumba cha mkurugenzi kina kapeti gani. Mimi huchungulia kile kidirisha cha mbao chenye maandishi MASIJALA, nione rafu zimesimamaje na nani ameketi mbele yake. Ndivyo nilivyompata mama mmoja katika halmashauri ya mji mdogo kando ya barabara kuu. Watumishi wote, hadi mkurugenzi, humwita Mama Masijala. Ana miaka 31 kazini na amebakiza miwili astaafu. Nilimwomba nikae pembeni nimtazame akifanya kazi. Alinitazama kwanza yeye, muda mrefu kidogo, kisha akasema, "Kaa, mwanangu. Ila usiguse kitu."

Nilikaa siku nne na sikugusa kitu.

Kazi huanza saa moja na nusu asubuhi, tarishi akishushia mezani mfuko wa posta na barua zilizoletwa kwa mkono. Siku ya kwanza zilikuwa kumi na saba. Kabla ya kufungua hata moja, Mama anazitenga. Zenye mhuri wa SIRI hazifungui; zinakwenda kwenye trei ya peke yake, na kutoka hapo kwenye masijala ya siri, chumba cha pili chenye nondo ambacho mlango wake sikuruhusiwa hata kuusogelea. Zilizoandikwa kwa jina la mtu anazirudia mara mbili kusoma: ni barua ya mtu, au ni ya cheo chake? Zilizobaki ndizo zake.

Ana kisu cha kufungulia bahasha, butu kabisa. Nikadhani ni uchakavu, kumbe ni makusudi, kwa kuwa kisu kikali hukata na barua. Kwanza anaigonga bahasha mezani kwa upande wake wa chini ili karatasi ishuke, ndipo anapopasua juu. Akishatoa barua, anainua bahasha kuelekea dirishani na kuichungulia ndani kwenye mwanga, hata kama ni nyepesi kiasi gani. Kisha anahesabu viambatisho. Barua moja ilisema viambatisho vitatu na ndani vilikuwa viwili. Hakuuliza mtu. Aliandika pembeni kwa kalamu, "viambatisho 2 kati ya 3", akaweka saini yake fupi, akaendelea. Kwa maneno hayo machache, mzigo wa kile cha tatu ulirudi kwa aliyeituma barua, kabla haujawaangukia watu wa ndani. Bahasha hazitupi mpaka jioni, na zile za zabuni na za rufaa anazibana pamoja na barua yenyewe, kwa sababu siku mtu akidai alituma mapema, muhuri wa posta ndio shahidi.

Muhuri wake yeye ni wa magurudumu madogo ya mpira: siku, mwezi, mwaka. Kila asubuhi huusogeza kwa ukucha wa kidole gumba na kuujaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi chakavu. Halafu anagonga IMEPOKELEWA mahali peupe, pasipo na neno, na kamwe si juu ya saini ya mtu. Nilimwona akitafuta mahali hapo kwenye barua iliyobanana kuanzia juu hadi chini. Aliizungusha, akaigeuza, akagonga nyuma, na mbele akachora mshale mdogo.

Kutoka hapo barua huingia kwenye rejista. Hii ni kaunta buku kubwa yenye jalada gumu, iliyopigwa mistari kwa rula: tarehe ya kupokelewa, tarehe ya barua, kumbukumbu namba yake, imetoka kwa nani, yahusu nini, imewekwa jalada gani, folio ya ngapi. Safu mbili za mwisho anaziacha wazi kwa sasa. Mwandiko wake ni ule wa shule za zamani, umelalia kulia, tarakimu 7 ina mkia na sifuri imefungwa. Anaandika polepole kuliko mtu yeyote niliyemwona akiandika ofisini, na bado barua kumi na saba zilimalizika kabla ya saa tatu.

Mpaka hapo, karani yeyote aliyefundishwa vizuri angeweza kufanya hivyo. Kinachofuata ndicho kilichonifanya nirudi siku ya pili.

Barua za serikali Tanzania huwa na mstari wa YAH:, yaani yahusu, umeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari. Ndugu msomaji, ungekuwa wewe, ungesoma mstari huo ukatafuta jalada lenye jina hilo, ukaweka. Mama hausomi kwanza. Anausoma mwisho. "Yah hudanganya," alisema, bila kuinua macho.

Barua aliyokuwa nayo mkononi ilitoka kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. YAH: KUBOMOKA KWA VYOO VYA WANAFUNZI. Ndani, mwalimu alieleza kuwa mvua za Machi zimejaza mfereji wa barabara, mfereji unamwaga maji nyuma ya vyoo, ukuta wa nyuma umelala, na wanafunzi sasa wanavuka kwenda kutumia vyoo vya msikiti wa jirani. Aliomba mifuko ya saruji.

Jambo hili linakaa wapi? Kuna jalada la mahitaji ya shule za msingi. Kuna la matengenezo ya majengo. Kuna la malalamiko ya barabara na mifereji. Kuna hata la usafi wa mazingira, ambalo afisa afya angedai ni lake. Mama alivuta orodha ya majalada, kurasa zilizopigwa chapa na kufunikwa plastiki, zilizopangwa kwa kazi za ofisi na si kwa majina ya vyumba. Mpangilio wa namna hii, wa kufuata kazi na maneno muhimu, uliingia katika masijala za serikali kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya mwanzo ya 2000, wakati wa maboresho ya utumishi wa umma. Kabla yake, alinieleza, kila bosi alifungua jalada analolitaka kwa jina analolitaka. Aliwahi kukuta majalada manne ya gari moja bovu.

Alipitisha kidole kwenye orodha, hakusimama popote. Akaisoma barua tena. Nikamuuliza anatafuta nini hasa.

"Namtafuta atakayeiulizia," alisema. "Mwakani, au miaka mitano, mtu atakuja hapa dirishani. Ataniambia anataka nini? Hatasema folio, hatasema saruji. Atasema, ile shule vyoo vilianguka kwa nini?"

Basi akaamua: matengenezo ya majengo ya shule, jalada la kata ile. Na kwa kuwa chanzo ni mfereji, akachukua nusu karatasi, akaandika juu yake tarehe, mtumaji na namba ya jalada ambamo barua yenyewe imekaa, na hiyo nusu karatasi akaiweka kwenye jalada la mifereji. Kwa hiyo atakayeanzia kwenye maji atafika kwenye vyoo, na atakayeanzia kwenye vyoo atafika kwenye maji. Ilimchukua dakika nane. Nilitazama saa.

Alilitoa jalada lenyewe kwenye rafu kwa kulisukuma kwanza kutoka nyuma, hakuvuta mgongo wake. Majalada hufa kwa kuvutwa mgongo. Alilifungua mezani. Upande wa kulia zimo barua, ya zamani chini na mpya juu. Upande wa kushoto yamo madokezo, zile karatasi ambazo maofisa huandikiana wao kwa wao: ameona nini, anashauri nini, anaomba kibali cha nini. Alitoboa barua kwa panchi kwenye kona ya juu kushoto, akaipitisha kwenye uzi wenye vichuma vidogo mwishoni, akaibana. Kisha kalamu nyekundu. Kona ya juu kulia akaandika 36 na kuizungushia duara. Hiyo ndiyo folio. Barua ile haitakuwa tena "ile barua ya mwalimu". Itakuwa folio 36, na ikichomolewa hata baada ya miaka ishirini, pengo kati ya 35 na 37 litasema. Ukitazama barua yoyote ya serikali, ule mfuatano mrefu wa herufi, mikwaju na tarakimu unaotangulia ni njia ya kurudi nyumbani: tarakimu ya mwisho kabisa ni folio, na zilizo mbele yake zinakwambia jalada gani, na herufi za mwanzo ofisi gani. Nimepokea barua kama hizo maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba nilikuwa naonyeshwa kabati.

Hakulifunga jalada mara moja. Alianza kurudi nyuma, karatasi moja moja, akilowesha kidole kwenye sifongo. Alisimama folio 9. Ilikuwa ya 2014: mhandisi aliandika kwamba vyoo vya shule ile vimebomoka kwa maji ya mfereji, na kwamba visijengwe tena mahali pale mpaka mfereji ugeuzwe. Barua fupi, yenye mchoro wa penseli. Halafu folio 14, ya mwaka uliofuata, ikishukuru kwa kukamilika kwa vyoo vipya. Mahali palepale.

Ukiishia upande wa kulia, utasema hawa watu hawasomi. Mama aligeukia kushoto. Katika dokezo la nne hadi la sita ndipo hadithi ilipokuwa: eneo la shule lilikuwa limejaa, kijiji kikakubali kutoa kipande kingine cha ardhi, mwenye shamba akataka fidia, muhtasari wa mkutano wa kijiji haukufika, na mwaka wa fedha ulikuwa unakwisha. Ofisa mmoja aliandika wazi kwamba anajua ushauri wa mhandisi, lakini watoto hawana pa kwenda. Akaomba kibali. Kikatolewa.

Mama alichukua penseli, si kalamu, na katika dokezo jipya la folio 36, chini ya maneno ya kumpelekea Afisa Elimu, akaongeza: "Tafadhali rejea folio 9 na madokezo 4–6." Akafunga jalada.

Siku hizi watu wa mifumo hupenda kutenganisha data, taarifa na maarifa, na huchora pembetatu. Mimi niliona vyote vitatu kwenye meza ya mninga, bila pembetatu. Kwamba ukuta umeanguka mwezi Machi ni data. Kwamba umeanguka mara ya pili, kwa maji yaleyale, mahali palepale, ni taarifa, na haimo ndani ya barua yoyote. Imo katika kuzishona barua mbili kwenye uzi mmoja. Na yale maneno ya penseli, yanayomzuia Afisa Elimu kutia saini ya saruji kabla hajauliza habari za kile kipande cha ardhi, sijui niyaiteje kama si maarifa. Mhandisi wa 2014 alishahamishwa. Ofisa aliyeomba kibali alishastaafu. Mwalimu mkuu ni mpya. Katika ofisi nzima, aliyekuwa bado anajua ni jalada, na alijua kwa sababu miaka yote hiyo mtu alikuwa akiweka kila karatasi mahali ambapo nyingine ingeikuta.

Ndiyo maana Mama ana ugomvi na simu. Si kwa ushamba, anazo mbili. "Zamani bosi akikubali jambo aliandika 'Nimekubali', akasaini. Sasa anatuma kidole gumba kwenye kundi." Kidole gumba hakina folio. Upande wa kulia wa majalada ya miaka ya karibuni bado umenona, alinionyesha, ila wa kushoto unakonda mwaka hadi mwaka. Barua zipo na majibu yapo, sababu haipo. Ofisa akija na uamuzi wa mdomo, Mama humpa karatasi ya dokezo sabili na kalamu palepale dirishani na kusubiri. Hasemi kitu. Anasubiri tu, mikono juu ya meza, na nimeona ofisa mwenye haraka zake akiandika mistari mitatu akiwa amesimama, kama mwanafunzi.

Jalada likitoka, mahali pake kwenye rafu pasibaki tundu. Anachomeka kadi ngumu ya rangi ya machungwa: namba ya jalada, limekwenda kwa nani, tarehe. Tarishi analibeba na kitabu cha kusainia. Tatizo huanzia hapo, maana maofisa hupitishiana majalada wenyewe kwa wenyewe. Limetoka kwa Elimu likaenda kwa Mhandisi, Mhandisi akampa Mweka Hazina, na kadi rafuni bado inasema Elimu. Kila akilipitisha, ofisa anatakiwa kujaza kikaratasi na kukirudisha masijala. Wachache hujaza.

Hivyo kila Ijumaa saa nane mchana Mama hufanya sensa. Nilimfuata. Anabeba daftari, anapiga hodi, anasema "Jamani, sensa," na anaanza kusoma migongo ya majalada mezani, kwenye droo zilizo wazi, juu ya kabati. Hashtui mtu wala halaumu. Anaandika namba na jina la mwenye meza. Katika chumba cha tatu aliinua birika la chai, akatoa jalada lililokuwa limewekwa chini yake ili meza isiungue, akalipangusa kwa kiganja, akaliandika, akalirudisha juu ya meza, pembeni ya birika. Mwenye chumba alijikohoza. Jumla, Ijumaa ile, yalitembelewa majalada 64, na kadi kumi na mbili zilibadilishwa jioni hiyohiyo kabla hajafunga mlango. Nilikumbuka ile miezi kumi na moja ya baba yangu. Pengine ilihitaji Ijumaa moja.

Kuna pia kitabu chembamba cha kukumbushia, chenye ukurasa kwa kila siku ya kazi. Ofisa akiandika "niletee tarehe 14", Mama huandika namba ya jalada kwenye ukurasa wa tarehe 14, na asubuhi ya siku hiyo, kabla ya posta, jalada linakuwa mezani kwa ofisa ambaye mara nyingi amekwisha kusahau kwamba aliliomba. Wengine humsifu ofisa huyo kwa ufuatiliaji mzuri.

Jalada likinenepa kiasi cha vidole viwili, hufungwa. Mama huandika mbele kwa herufi kubwa LIMEFUNGWA, tarehe ya folio ya kwanza na ya mwisho, na kuelekeza jalada linalofuata. Yaliyofungwa hukaa hapo miaka michache na kisha hushuka kwenye stoo ya kumbukumbu tuli, ndani ya maboksi yaliyoinuliwa kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa. Huko hakuna linalochomwa kwa kuwa tu limejaza nafasi, maana Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa kipi kiteketezwe, lini, na kwa kibali cha nani, na kipi kiende kwenye Nyaraka za Taifa kikakae daima, ambako kikishatimiza miaka 30 mwananchi anaweza kukisoma. Nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizohifadhiwa Dar es Salaam ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Watafiti wanaosafiri kwenda kuzisoma huandika majina ya magavana. Mimi, nikizifikiria, humwona karani katika boma fulani lenye joto, jina lake halimo popote, akizipa kurasa namba.

Kompyuta imekuja. Mfumo wa ofisi mtandao umeanza kuingia katika taasisi za serikali, na Mama alipelekwa mafunzoni na wenzake vijana. Nilitegemea manung'uniko. Badala yake siku ya tatu nilimkuta akichanganua majalada ya zamani kuyaingiza kwenye mfumo, na utaratibu wake ulikuwa uleule wa kisu butu. Anachomoa pini zote kwanza, na zile zilizoshika kutu anazilegeza kwa ncha ya rula ya plastiki ili zisirarue. Ananyoosha kona zilizokunjamana. Anapitisha karatasi kwenye skana, anatazama kioo, na kama duara jekundu la folio halionekani vizuri anarudia. Kijana wa tehama aliyekaa pembeni yake alikuwa amekwisha kuingiza mara tatu zaidi. Nilipochungulia skrini yake, mafaili yalikuwa yanaitwa scan001, scan002, scan003. Ya Mama yalikuwa na namba ya jalada, folio, tarehe na mtumaji. Kijana mwenyewe aliona, na sikumsikia akiambiwa neno. Baada ya chakula cha mchana alikuwa ameanza upya kutoka 001.

Asubuhi ya siku ya nne alikuja mzee dirishani, ameshika bahasha ya kaki na miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo, Mwalimu," Mama alimwamkia kabla hajajitambulisha.

"Marahaba. Umenijuaje?"

"Chaki, baba. Haitoki mikononi."

Alikuwa amestaafu. Miongoni mwa barua alizotakiwa kuwasilisha, alikuwa nayo ya ajira ya kwanza na ya cheo cha mwisho. Ya kuthibitishwa kazini, ya miaka ya themanini, iliungua na nyumba. Nilijikuta nimekaa sawa kwenye kiti changu.

Majalada binafsi ya watumishi yana ukuta wake, na faharasa yake ni visanduku vya kadi. Mama aliuliza majina matatu, akauliza cheki namba, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Shuleni walikuwa wanakuandikaje?" Mzee akacheka. Jina lake la katikati alianza kuliandika kwa "y" alipopata kitambulisho cha taifa. Kazini aliajiriwa akiwa anaandika "i". Mama alivuta kadi ya jina lenye "y". Ilikuwa na mstari mmoja tu: tazama, na jina lenye "i". Kadi hiyo aliiandika yeye, mwandiko ni uleule, sifuri imefungwa. Ni ya kipindi cha uhakiki wa vyeti, alisema, walipotoa nakala kutoka kwenye majalada haya usiku na mchana, kabla ya ile ripoti ya Aprili 2017 iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Katika pilikapilika hizo aligundua watu wengi wana majina mawili bila kosa lolote, akawa anawaandikia kadi ya pili kila mmoja anayemkuta. Hakuna aliyemwagiza.

Jalada lilikuwa la kaki iliyofifia hadi kuwa kama ngozi. Alilifungua, akageuza, kidole kwenye sifongo. Folio 11. Karatasi nyembamba ya nakala ya kaboni, maandishi yamegeuka zambarau, saini bado nyeusi. Aliligeuza jalada lote kumwelekea mzee badala ya kuichomoa barua, akasogeza kidole chake chini ya tarehe.

Mzee alivaa miwani. Alisoma barua ile yote, pamoja na nakala imepelekwa kwa nani na nani, akasoma tena. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika watu watano. Mama hakumharakisha.

Alipomaliza, Mama aliitoa nakala, akaigonga muhuri wa nakala halisi, akampelekea ofisa mwenye mamlaka ya kuithibitisha, akairudisha folio 11 kwenye uzi wake kati ya 10 na 12 na kuvuta vichuma kuhakikisha vimekaa. Alimwomba mzee aandike ombi lake kwa mkono, mistari miwili inatosha. Karatasi hiyo akaigonga IMEPOKELEWA, akaiingiza kwenye kaunta buku, akaitoboa, akaiweka juu kabisa ya upande wa kulia na kuandika kwa nyekundu namba 113. Upande wa kushoto akaandika kwamba nakala ya folio 11 imetolewa kwa mhusika mwenyewe, tarehe, saini.

Mzee aliondoka akiwa ameibana bahasha kwapani. Mama alivuta kile kitabu chembamba, akafunua mbele kurasa za wiki tatu, akaandika namba ya jalada na neno moja pembeni yake: "amelipwa?" Kisha akainua macho kwa mtu wa pili kwenye foleni.